Nekesa Aliyezikwa Malakisi Akiwa Ng'ambo

Hebu mwone akija. Ni saa sita mchana, mahindi yamefika kiunoni, na barabara ya udongo itokayo soko la Malakisi imelowa mvua ya jana. Mwanamke anavuta sanduku la buluu lililovunjika gurudumu, kwa hiyo haliviringiki, linaburutika tu na kuchora mfereji kwenye tope. Amevaa baibui jeusi katika kijiji cha wavaa leso. Si kwamba amebadili dini. Ndiyo nguo aliyopandia ndege, na hakuwa na nyingine ya heshima. Miaka mitatu kasoro miezi miwili hajasikia sauti ya baba yake. Sasa ameliona paa la banda la kukaushia tumbaku, paa la kwao, na miguu imeanza kukimbia yenyewe.

Langoni alimkuta Jentrix, mke wa kaka yake, akichambua maharagwe na mtoto mgongoni. Jentrix aliinua macho. Hakushangilia, hakukimbia kumpokea. Aliweka ungo chini polepole, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kulia kile kilio cha matanga, kile cha kupanda na kushuka ambacho ukikisikia ukiwa shambani unaangusha jembe.

Watoto wakatoka mbio na kujificha nyuma ya banda.

"Ni mzimu," mmoja akanong'ona.

"Mzimu gani iko na sanduku?" mwingine akamjibu. "Wewe pia!"

Hapo mzee Wepukhulu, baba yake yule mwanamke, akatokea mlangoni na fimbo yake.

"Simama hapo hapo!"

"Papa, ni mimi. Ni Nekesa."

"Najua ni wewe. Usikanyage lango."

Nekesa alidhani ni hasira. Akaanza kujitetea akiwa nje ya ua, mkono bado umeshika sanduku. "Papa, walininyang'anya simu siku ya kwanza tu. Ningepiga na nini? Barua waliitupa. Si unisikize kwanza!"

"Si hiyo. Tulikuzika, mayi."

Mayi ni mama. Ndivyo baba wa Kibukusu anavyomwita binti anayempenda.

Akanyoosha fimbo. Pembeni mwa migomba kulikuwa na kaburi ambalo nyasi zilishaota juu yake, na msalaba wa mbao wenye maandishi ya rangi nyeupe: Phelista Nekesa, alizaliwa 1988, alifariki 2018. Tarehe ya kuzikwa ilikuwepo pia, na alipoisoma alijikuta akijiuliza siku ile alikuwa wapi. Alikuwa Istanbul, katika hospitali, akimlisha mtu maziwa mgando kwa kijiko.

Sasa tuliza moyo nikueleze alifikaje huko, maana bila hivyo mengine hayataeleweka.

Nekesa alipelekwa Dammam, Uarabuni, na wakala wa Nairobi, kufanya kazi za nyumbani. Simu na pasipoti vilichukuliwa mlangoni, kabla hajavua viatu. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mama mzee, Bibi Munira, mama wa mwenye nyumba, aliyekuwa mgonjwa wa figo na mgonjwa wa huzuni. Alifiwa na mwanawe mdogo, na tangu hapo hakulala. Alipiga kelele mpaka wafanyakazi watatu wakatoroka. Nekesa hakujua Kiarabu hata cha kuombea maji. Alichofanya ni kukaa sakafuni kando ya kitanda, kuushika mkono wa yule bibi, na kunyamaza. Bibi Munira akalala saa tano mfululizo.

Kutoka siku hiyo hakuachwa nyuma. Bibi akipelekwa Istanbul kutibiwa, Nekesa yuko. Familia ikienda Geneva kukimbia joto, Nekesa yuko, anasukuma kiti cha magurudumu kando ya ziwa ambalo hakuruhusiwa kulisogelea peke yake. Aliiona dunia kupitia madirisha ya wagonjwa. Akajua harufu ya mtu atakayepona na harufu ya mtu ambaye hatapona. Akajua kuwa maiti wa tajiri na maiti wa maskini hupoa kuanzia miguuni. Aliona pia vyumba vya chini vya hospitali kubwa, ambako wafanyakazi kama yeye huwekwa kwenye barafu wakisubiri mtu wa kwao ajitokeze, na asipojitokeza huzikwa na namba.

Na kule kushika mkono hakukutoka Uarabuni. Nyanya yake, mama yake mzee Wepukhulu, aliitwa Namarome, na alikuwa mwaguzi aliyejulikana mpaka ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Watu walikuja na mbuzi, na huzuni, na mashaka yao. Namarome hakurusha kete. Aliushika mkono wa mtu, akanyamaza, kisha akasema alichosikia. Alikuwa na sheria moja, na alimwambia mjukuu wake akiwa na miaka kumi: "Mkono ukinyamaza, nawe nyamaza. Mwambie mtu: mkono wako umenyamaza, rudi kwenu. Usimpe maneno yako mwenyewe." Alipokufa, mzee Wepukhulu, ambaye ni mzee wa kanisa, aliificha njuga yake ya kibuyu, alama ya uaguzi wake, juu kwenye dari na hakutaka itajwe.

Mwaka wa pili wa ukimya wa Nekesa, mwanamke mmoja wa Chwele alirudi kutoka Dammam, akaapa kwamba binti wa Malakisi ameanguka kutoka ghorofa ya tatu. Aliuona mwili umefunikwa shuka, aliambiwa ni yule wa kwetu Bungoma. Mzee Wepukhulu alikataa kuamini. Akakataa miezi minane. Kisha mimba ya Jentrix ikatoka, na mzee mwenyewe akaanza kutapika, na wazee wa ukoo wakaketi. Wakasema: mtoto wenu yuko baridini, anaomba udongo. Kwetu, mtu akipotea mbali na mwili wake usirudi, hukatwa shina la mgomba badala yake. Walilikata kwa kimo chake, wakalivisha gauni lake la Jumapili, wakaliweka kwenye jeneza, wakalizika. Mchungaji hakuja. Mwaka uliofuata Jentrix akajifungua mtoto wa kike aliyelia siku tatu, akitajiwa majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine. Alipotajiwa Nekesa, akanyamaza, akanyonya. Ndiye yule aliyekuwa mgongoni langoni.

Na Bibi Munira alipokufa Geneva, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Nekesa, familia ile ilimrudishia pasipoti na kumpa tikiti. Hivyo ndivyo alivyofika na sanduku lake, kwenye ua ambao ulikuwa umeshamtoa kati ya walio hai.

Wazee waliitwa jioni ile ile. Kondoo dume akachinjwa, Nekesa akapakwa taka za tumboni mwa kondoo kichwani na kifuani, na ua ukatobolewa upande wa nyuma ili aingie kwa tundu, akitambaa.

"Aliyetoka kwa lango akiwa maiti harudi kwa lango akiwa mtu," mzee mmoja akasema. "Na jina liko mgongoni kwa Jentrix. Watu wawili hawawezi kula jina moja kwa boma moja."

"Sasa mimi naitwa nani?" akauliza, bado yuko magotini.

Kisha mzee Wepukhulu, yule wa kanisa, akapanda kwenye dari mwenyewe, akashuka na njuga ya mama yake imejaa vumbi. Alikuwa analia bila sauti.

"Kwa huu ukoo ni mmoja tu aliyekuwa anaongea na wale wako chini," akasema. "Chukua jina yake."

Basi mwanamke wa miaka thelathini na moja akawa Namarome. Na kwa kuwa Namarome alikuwa nyanya wa wote, watoto wakaanza kumwita Kukhu, yaani nyanya, na baba yake naye akamwita hivyo, kwa adabu na kwa hofu. Hiyo hofu ndiyo iliyomshinda. Hakuna aliyekunywa kwa kikombe alichokinywea. Jentrix alimhamisha mtoto kila alipoketi karibu. Baada ya wiki sita alichukua sanduku na njuga akaenda Kitale, akapanga chumba mtaa wa Matisi, nyuma ya duka la mama mmoja aitwaye Judy Chelangat.

"Wewe ni Kukhu ya aina gani, huna hata mvi moja?" Judy alimcheka siku ya kwanza. "Hata mimi nakushinda uzee, na bado natafuta bwana!"

"Tafuta upesi, nikuzikie huyo wa kwanza utafute wa pili," Kukhu akamjibu, na Judy akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Tangu hapo wakawa marafiki.

Watu waliolijua jina la Namarome walianza kuja wenyewe, kila Alhamisi, wakiketi kwenye benchi la nje ya duka. Walioshindwa kulala. Waliofiwa wakashindwa kulia. Kukhu aliwashika mkono akanyamaza, na wengi waliondoka wakiwa wepesi. Hakuwa mjinga wa hospitali. Mzee Kipruto, mkulima wa kutoka upande wa Suam, alipokuja akilalamika kichwa, alimwangalia miguu iliyovimba akamwambia, "Mzee wangu, hii si mizimu, ni presha. Enda upimwe leo. Ukirudi hapa bila karatasi ya daktari, Judy atakufukuza na ufagio." Alienda. Akapona. Akaleta viazi gunia zima.

Lakini habari ina miguu. Ikasemwa kutoka Kitale hadi Bungoma: kuna mwanamke alizikwa na akarudi. Wakaanza kuja wale ambao watoto wao wako Uarabuni na simu zimenyamaza. Hao hawakutaka kulala usingizi. Walitaka kujua kitu kimoja: tuzike mgomba, au tungoje?

Na Kukhu, aliyesimama mbele ya kaburi lake mwenyewe akasoma tarehe, alikuwa amejiapia kwamba katika maisha yake hatamwambia mzazi yeyote azike. "Ngojeni," aliwaambia. Wawili kati yao walingoja, na watoto wakapiga simu. Jina lake likakua. Watu wakasema, Kukhu akisema mtu yuko hai, yuko hai.

Ndipo akaja Lenah.

Lenah ni mjane wa Kiminini, ana shamba dogo la mahindi na watoto wawili, Wanjala na Sandra. Sandra alikwenda Uarabuni akiwa na miaka ishirini na mitatu. Miezi kumi na minne kimya. Lenah alikuja na mwanawe Wanjala, na bahasha. Barua ilitoka ofisi moja ya Nairobi. Ilisema kuna mwili wa mwanamke katika hospitali kule Uarabuni, inadhaniwa ni wa Kenya, alama hizi na hizi, na kama familia inaona inaweza kuwa ndugu yao, ifike kutoa vipimo vya DNA ndani ya siku tisini.

"Mimi nasema twende," Wanjala alisema. "Kutoa mate tu, mama. Kama si yeye, si yeye."

"Nikienda ni kama nimekubali," Lenah akasema. "Nikitema mate kwa hiyo chupa nimemuua mtoto wangu. Kukhu, nishike mkono."

Kukhu akaushika. Ulikuwa mkono baridi, wenye sugu za kupukuchua mahindi. Alisubiri. Hata Judy aliacha kupima sukari. Na nikuambie ukweli alioukiri yeye mwenyewe baadaye: hakusikia kitu. Mkono ulinyamaza kabisa. Nyanya yake alikwisha kumfundisha la kusema hapo. Na vile vyumba vya chini vya hospitali vilikwisha kumfundisha barua kama ile ina maana gani. Walimu wake wote wawili walimwambia jambo moja. Lakini alimtazama yule mama, akamwona mzee Wepukhulu kabla hajakata mgomba, na mdomo ukafunguka.

"Usiende," akasema. "Sandra yuko hai."

Lenah alipiga magoti palepale akaimba pambio la kanisani. Watu wa benchi wakaitikia. Wanjala peke yake ndiye hakuimba. Aliikunja bahasha akaitia mfukoni.

Siku tisini zikapita. Lenah alitembea Kiminini akiwa ameinua kichwa. Alipaka nyumba chokaa. Mkaka mmoja wa kwaya alipomwambia pole, alimfokea mbele ya watu: "Pole ya nini? Kwani nani amekufa?"

Mwezi wa tisa, Alhamisi, Wanjala akaja Matisi na msichana mwembamba aliyekuwa amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Alimtambulisha: Wamboi, wa hapa hapa Kitale, kule Uarabuni alikuwa akifanya kazi jengo moja na Sandra na kulala chumba kimoja.

"Mwambie vile umeniambia," Wanjala akasema.

Wamboi aliongea akiangalia viatu vyake. Tumbo lilimshika Sandra siku nne. Waajiri wakasema anajifanya. Siku ya tano alikufa jikoni, kichwa kikiwa mapajani mwa Wamboi. "Nilimfunga kidevu na kitambaa yangu, Kukhu. Halafu wakamchukua. Nilikuwa naenda hospitali kuuliza kila nikipata ruhusa. Wakaniambia Kenya wameandikiwa, wanangoja familia. Mara ya mwisho wakaniambia familia haikukuja. Wamemzika huko nje ya mji, kwa mchanga. Hakuna jina, ni namba."

"Uliona namba?" Kukhu aliuliza.

"Niliona."

Wanjala hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Tungemleta nyumbani," akasema. "Kukhu, dada yangu alikuwa kwa barafu miezi mitano anatungoja. Ulitwambia tusiende. Uliona nini, wewe?"

"Sikuona kitu."

"Ati?"

"Mkono ulinyamaza. Nilisema yangu."

Judy alisimama mlangoni mwa duka amejishika mdomo. Wanjala alimwangalia Kukhu kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nimemwambia mama," akasema. "Amemfukuza Wamboi kwa mwiko. Anasema Kukhu alisema yuko hai, mpaka Kukhu aseme ingine. Wazee wanataka tuzike mgomba, Sandra apate kulala. Mama amekataa kabisa. Utakuja umwambie wewe mwenyewe. Umesikia? Wewe, na hiyo mdomo yako."

Jumamosi Kukhu alikwenda Kiminini. Aliiacha njuga Matisi. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi chini ya turubai, na nyuma ya nyumba vijana walikuwa wamechimba shimo na kulaza shina la mgomba kando yake, limekatwa kwa kimo cha msichana. Lenah alimpokea kwa furaha, akamvuta mpaka kwenye kiti kizuri.

"Mulembe, Kukhu! Umefika wakati mzuri. Waambie hawa wazee wangu. Waambie vile uliniambia. Wanataka kunizikia mtoto kama vile walikuzika wewe."

Kukhu alishuka kutoka kwenye kiti akaketi chini, kwenye udongo, miguuni pa Lenah.

"Mayi, nilikudanganya," akasema. "Mkono wako ulinyamaza. Sikusikia Sandra, wala akiwa hai wala akiwa amekufa. Niliogopa kukwambia uende. Wamboi anasema kweli. Mimi nimekaa na watu wanakufa huko, najua kufunga kidevu ni nini, hakuna mtu anaweza kutunga hiyo. Sandra amekufa. Na ni mimi nilikufanya usimlete nyumbani."

Lenah hakulia. Alitabasamu kidogo, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa.

"Wamekutisha," akasema. "Wanjala amekutisha, si ndiyo?"

"La, mayi."

"Kwako kulikuja mtu pia, akaapa. Aliona mwili. Si ni wewe ulituambia? Baba yako akaamini, akazika. Na huyu hapa wewe, unaongea. Sasa mimi niamini nani? Kukhu wa siku ile alikuwa na macho makavu. Huyu wa leo analia." Akasimama, akakung'uta leso. "Zikeni mgomba wenu. Mgomba ni mgomba."

Walizika saa nane mchana. Wanjala alirusha udongo wa kwanza kwa kuwa mama yake hakuwepo kando ya shimo. Alikuwa jikoni, amewapa mgongo, anasonga ugali wa watu wa matanga, na alihakikisha kila mmoja amekula. Kukhu alisimama mbali, hakuna aliyemwambia aondoke na hakuna aliyemwambia asogee. Wazee walipoanza kumtaja marehemu kwa jina, Lenah aliongeza kuni, akakoroga kwa nguvu zaidi.

Kukhu alirudi Matisi akamwambia Judy kwamba ameacha kazi. Jumatatu iliyofuata alipanga safari kwenda kwa kila familia aliyoiambia ingoje, kumi na saba, akaanza na ile ya karibu. Wengine walimtukana. Mmoja alimtemea mate. Wengine walimshukuru kisha wakafunga mlango, na ukitoka hapo huwezi kujua nani atazika na nani atangoja. Benchi la nje ya duka likabaki tupu, Judy akaliwekea ndoo za kuuza maji.

Lakini kuna mmoja bado anakuja. Kila Alhamisi, saa nne, Lenah anatoka Kiminini na kufika Matisi akiwa amevaa nguo ya kanisani. Anaondoa ndoo moja, anaketi. Amekonda; shingo imekuwa kama ya mtoto. Wanjala amejaribu kumzuia, mchungaji amemwombea, daktari amempa vidonge ambavyo huvimeza kwa utiifu. Hasemi mengi. Anaunyoosha mkono wake kwa Kukhu, anasema:

"Nishike tu. Niambie kama yuko hai."

Mara ya kwanza Kukhu alimjibu kweli: amekufa, mayi. Lenah akaenda nyumbani, hakula siku tatu, ikabidi alazwe. Mara zilizofuata alinyamaza, na Lenah akakaa pale benchini hadi duka likafungwa, mkono umenyooka. Sasa Alhamisi nyingine imefika. Mkono ule uko hapo, baridi, na wenyewe hausemi kitu. Ungekuwa wewe ndiye umeushika, msikilizaji wangu, ungemjibu nini?